Lightroom au darktable kwa mpiga picha za harusi?

Hizi ni programu mbili za kupanga na kuhariri picha. Tuanze na pesa, maana ndipo wengi hukwama. Lightroom ya Adobe hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Toleo la mwisho la kununua mara moja, Lightroom 6, lilitoka 2015. Ukiacha kulipa, picha hubaki kwenye diski yako, ila sehemu ya kuhariri hufungwa. darktable ni ya bure tangu ilipotoka 2009, na huendeshwa kwenye Linux, Windows na Mac.

Zote hufungua faili za RAW (picha ghafi kutoka kwenye kamera) bila kugusa picha halisi. Marekebisho huandikwa pembeni: Lightroom Classic (toleo la kompyuta) kwenye katalogi yake, yaani hifadhidata ya picha, darktable kwenye katalogi na pia faili dogo la XMP, lenye kumbukumbu ya marekebisho, kando ya kila picha. Ukihamisha folda, kazi inakwenda nayo. Hapo naipendelea darktable.

Kwa kasi, Lightroom inashinda waziwazi. Humtambua bibi harusi yenyewe na kumtenga na mandhari kwa kubofya tu. Ina programu ya simu pia, na wateja wetu mnawajua: wanataka picha WhatsApp usiku huohuo! darktable haina ya simu, na moduli zake (zana za kuhariri) ni nyingi mno, zenye majina ya kihandisi.

Mwenye harusi kila Jumamosi alipie Lightroom. Anayejifunza achukue darktable. Anayefikiria kuhama ajue kwamba darktable husoma baadhi tu ya marekebisho ya Lightroom, kama ukataji wa picha na mwangaza. Mengine atayafanya upya.