Kipima unyevu cha nyutroni: uzoefu wangu shambani

Ukitaka kununua kipima unyevu wa udongo cha nyutroni, kabla ya bei uliza ndani kuna chanzo gani, yaani madini gani ya mionzi yanayotoa nyutroni. Kwenye majaribio yetu ya umwagiliaji tunatumia chenye amerisiamu-241 iliyochanganywa na beriliamu, nami sioni sababu ya kukibadilisha. Amerisiamu huchukua miaka 432 kupungua nusu, kwa hiyo vipimo vya msimu huu nalinganisha na vya misimu ya nyuma bila wasiwasi. Chanzo kingine, kalifoniamu-252, kina nguvu kubwa: mikrogramu moja hutoa nyutroni zaidi ya milioni 2 kwa sekunde. Ndiyo maana kalifoniamu imewahi kutumika hospitalini kutibu saratani ya shingo ya kizazi, kwa kuingizwa mwilini karibu kabisa na uvimbe. Huko inafaa. Shambani itakusumbua, kwani nusu yake huisha kwa miaka 2.6 tu.

Kukitumia si kazi ngumu. Unakishusha ndani ya bomba lililozamishwa ardhini, unasoma kila kina. Nyutroni zenye kasi hugonga haidrojeni ya maji, hupoa, yaani hupungua kasi, na zilizopoa ndizo zinazohesabiwa. Bomba liwe la alumini jamani! La PVC linapatikana kila duka, lakini klorini iliyomo hufyonza nyutroni na hesabu inashuka. Sentimita 15 za juu usizitegemee pia, kwa sababu nyutroni nyingi hutorokea hewani. Hapo sisi tunachota udongo, tunaukausha kwenye oveni kwa nyuzi 105, tunaupima uzito. Oveni hiyohiyo ndiyo ya kusawazishia kifaa na udongo wako, maana mfinyanzi una haidrojeni yake ambayo si maji ya kunywewa na mahindi.

Kinachochosha ni ulinzi. Chanzo hiki hakina swichi ya kukizima. Hapa Tanzania utahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomi, beji za kupima mionzi kwa kila anayekigusa, stoo yenye kufuli, na utaratibu wa kukisafirisha. Muuzaji akubali kwa maandishi kukichukua kikichakaa, asipokubali, mwache.

Vipo vipimio vinavyotumia nyutroni zitokanazo na mionzi ya angani, visivyo na chanzo chochote. Kimoja husoma eneo la mita 100 hadi 200 kukizunguka, na kwa shamba zima ningekichagua hicho. Ila hutoa wastani wa tabaka la juu tu. Nikitaka kujua maji yamefika mizizi ya chini, bado nashusha cha amerisiamu.