Mikasa V200W kwenye viwanja vya wazi vya Tanga

Mikasa V200W ni mpira wa wavu ulio rasmi kwa FIVB, shirikisho la dunia la mchezo huo, tangu 2019, na ndio uliochezewa fainali ya wanaume ya Olimpiki ya Paris 2024, Ufaransa ilipoifunga Poland seti 3-0. Timu ya chuo inayojiandaa kwa mashindano ya ukumbini isitafute mwingine. Lakini kuupiga kila jioni kwenye kiwanja cha udongo au saruji hapa Tanga ni kuuharibu.

Ngozi yake ni laini, ina vishimo vidogo, na vipande vyake 18 vimegandishwa, havikushonwa. Seta, yule anayewapangia wenzake mpira wa kupiga, anaushika vizuri vidoleni hata akitoka jasho, na kwa joto la pwani hilo ni jambo kubwa. Sevu ya kuelea, pigo la kuanzisha mchezo lisilozungusha mpira, inatii mkono wa mpigaji: ukiupiga katikati kwa kiganja kigumu, unakwenda ulikotaka huku ukimyumbia mpokeaji.

Kinachouponza zaidi ni upepo unaojazwa. Sheria inataka 0.30 hadi 0.325 kg/cm², yaani takriban psi (pauni kwa inchi ya mraba) 4.3 hadi 4.6. Mpira wa miguu huanzia psi 8.5. Ukimpelekea fundi wa pancha, ataujaza kwa mkono aliouzoea, na geji yake ya matairi haisomi vizuri namba ndogo kiasi hicho. Mpira ukijaa hivyo unadunda ovyo mikononi mwa libero, mchezaji wa kupokea na kulinda nyuma, unaumiza, na baada ya muda gundi inaachia na uvimbe unatokea upande mmoja. Uvimbe huo hautibiki. Nunueni pampu ya mkono na geji ndogo ya mipira. Sindano ilowesheni kwa maji kabla ya kuichomeka, kwani ikiingia kavu huchana vali. Mafuta ya nazi msitumie, yanalegeza raba ya vali.

Jua nalo lina hesabu yake. Mpira uliopimwa 0.31 asubuhi kwenye nyuzi 26, ukiachwa juani hadi hewa ya ndani ifike nyuzi 50, presha inakaribia 0.42. Basi pimeni pale kiwanjani, muda mfupi kabla ya mchezo, na mpira wa akiba ukae kivulini.

Vumbi na mchanga wa matumbawe husugua ngozi mpaka vishimo vinapotea, na hapo utelezi unaanza. Futeni kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, anikeni kivulini. Sabuni ya unga hapana.

Feki ni nyingi madukani. Nendeni na mizani ndogo ya jikoni na futi ya fundi cherehani: halisi una gramu 260 hadi 280 na mzunguko wa sentimita 65 hadi 67. Ukikuta uzi wa kushonea kati ya vipande, rudisheni.

Wanaofuatilia vyuo vya Marekani huvutiwa na Molten, maana fainali za wanaume za NCAA, chama cha michezo ya vyuo huko, huchezewa mpira wa kampuni hiyo. Ni mpira mzuri, ila ngozi yake ni tofauti na sevu ya kuelea hubadilika. Fanyeni mazoezi na aina ya mpira mtakaokutana nao mashindanoni.

Kwa timu ya wachezaji 12, V200W mbili zinatosha, zitolewe kwa mechi na kwa mazoezi ya sevu na mapokezi wiki ya mwisho. Siku nyingine tumieni mipira ya bei nafuu yenye uzito uleule.