Karakana ya mbao Mtwapa: wape ubavu wa boti, injini tafuta fundi mwingine

Hapana kibango. Ukiacha barabara ya Malindi ukashuka kuelekea mto wa Mtwapa, uliza wanapokalafati, yaani wanapoziba mianya ya mbao za boti, na vijana wa bodaboda watakufikisha. Utakuta banda la makuti, msumeno mmoja wa umeme, tezo zimechomekwa kwenye boriti, na mafundi ambao wengi wao asili yao ni Lamu. Kazi yao ya kila siku ni mashua na madau. Mimi niliwapelekea kitu kingine kabisa: boti ya starehe ya injini, ya Kiingereza, futi 42, iliyoundwa miaka ya 1930, mbao za msaji juu ya mataruma, yaani mbavu, ya mwaloni. Tuliinunua mimi na shemeji yangu kwa bei ya kumtia mtu aibu, na sasa inaelea, na kila anayeiona ananiuliza ilipitia mikono ya nani.

Kwanza niseme ilivyofika pale. Mwenyewe wa zamani aliwahi kuipeleka karakana nyingine, wala sitaitaja, wakaivisha fibaglasi mwili mzima, toka mkuku, ule uti wa chini wa boti, hadi sitaha. Kwa macho ilipendeza. Lakini ubao wa zamani hutanuka na kusinyaa, fibaglasi haitaki, basi hapo katikati hufunguka nyufa usizoziona, maji yakaingia yasipate pa kutokea. Fundi mkuu, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, aliizunguka akigonga kwa mpini wa nyundo huku kichwa amekiinamisha. Sehemu nyingine zililia kavu, nyingine zikalia mfu. Akaniambia, "Mwanangu, hii wameivika nailoni, ndani inatoka jasho." Nikamuuliza gharama. Akakataa kutaja hata shilingi moja mpaka tuivue yote.

Hili ndilo jambo la kwanza ninalowasifia. Pwani hii nimeona mafundi wengi wanaokutajia bei wakiwa bado wamekaa kivulini. Hawa walivua fibaglasi kipande kwa kipande, wakachoma kila ubao kwa msumari mwembamba, wakaweka alama za chaki: duara ni mzima, msalaba ni wa kutolewa. Misalaba ilikuwa mingi kuliko tulivyotaka. Shemeji alitoka kwenda kununua sigara na hakurudi mpaka jioni. Msaji wenyewe ulikuwa umesalimika sehemu kubwa, ila ubao wa kwanza juu ya mkuku, pande zote mbili, ulikuwa umeliwa na wale funza wa bahari mpaka ukibonyeza kidole kinazama.

Mbao hizo mbili wakazitengeneza kwa mvule. Mvule wao huja na malori kutoka Congo na Uganda, na wanaujua: wanaukagua kwa jua, wanaukataa wenye mshipa uliojisokota, na wanakuonya ufunge kitambaa puani kwa sababu vumbi lake linawasha. Kukata ule ubao wa kwanza ni kazi ngumu kuliko zote, kwa kuwa mbele umesimama wima na nyuma umelala karibu bapa. Walichukua kipimo kwa kijiti na mkaa, wakauchonga, wakauweka mara moja, ukakaa. Sijui niseme nini zaidi hapo. Watu walewale wa Lamu ndio walioijenga Flipflopi, dau la mita 9 la plastiki chakavu lililosafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019, kwa hiyo ustadi wa mkono si wa kutiliwa shaka.

Mataruma ndiyo yaliyotutoa jasho. Mjenzi wa Lamu hapindi taruma. Huenda msituni akatafuta mti uliokwisha kujipinda wenyewe, akauchonga kufuata umbo. Boti ya Kiingereza ya aina hii haikubali mbavu nene namna hiyo. Zake ni nyembamba, zimepikwa kwa mvuke zikapindwa zikiwa moto. Kanuni ni saa moja ya mvuke kwa kila inchi ya unene. Tukatengeneza sanduku refu la mbao, tukaliunganisha kwa bomba na pipa la maji lililokuwa juu ya kuni. Mwaloni haupatikani huku, tukajaribu mvule. Ukakatika. Tukaupika zaidi, ukakatika vilevile, tena kwa mlio uliowachekesha watoto waliokuwa wakitutazama. Mzee akasema tuweke mbavu za kuchonga kwa desturi yake. Mimi nikakataa, kwa sababu uzito ungezidi na vyumba vya chini vingekosa nafasi. Tulinuniana wiki nzima.

Aliyetutoa hapo ni kijana wao mmoja, wala si mzee wala si mimi. Alikuwa amefanya kazi ya makochi mjini. Akapasua mvule vipande vyembamba kama rula, akavipaka gundi ya epoksi, akavikaza kimoja juu ya kingine kwa jiriwa ndani ya boti yenyewe mpaka gundi ikakauka. Taruma likatoka na umbo lake kamili. Mzee alilipiga kwa nyundo, akasikiliza, akasema haya basi. Ukienda pale, mwulizie kijana huyo.

Sasa kasoro. Hawa ni watu wa msumari wa chuma. Katika mashua zao, sawa: msumari wa chuma wenye zinki unadumu, na ukifa unapigwa mwingine. Lakini boti yetu ilikuwa na riveti za shaba, na shafti na rafadha za bronzi, yaani mhimili na panga zinazoisukuma boti. Ukichanganya chuma na bronzi ndani ya maji ya chumvi umejitengenezea betri, na kinacholika ni chuma. Mwaloni nao una tindikali yake inayokula chuma hata bila hiyo betri. Bolti za mkuku tulizozitoa, za chuma, nyingine zilikuwa zimebaki nyembamba kama penseli katikati ilhali vichwa vyake ni vizima. Niliwaeleza, wakaitikia, na siku iliyofuata nikakuta msumari wa chuma umeshapigwa. Usiwaachie kununua vifungio. Lete vyako, na uvihesabu. Wala usidhani chuma cha pua ni jibu: kikifungiwa ndani ya ubao mbichi bila hewa, nacho huliwa, kwa siri zaidi.

Bolti za bronzi tuliagiza nje, zikakwama bandarini kwa mambo ya karatasi. Bamvua tuliyoitazamia, yaani yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ikapita. Ikaja nyingine, na upepo wa kusi ukawa umeshaanza kuvuma, boti bado juu ya magogo. Kwa chombo cha mbao huko kukaa nchi kavu ni ugonjwa, maana jua huzikausha mbao mpaka mapengo yanaingia sarafu. Mafundi wakaifunika magunia wakayalowesha asubuhi na jioni bila kuambiwa, na hawakudai senti kwa kazi hiyo. Naliandika hili makusudi, kwa sababu katika hesabu ya fundi mwingine lingekuwa na mstari wake.

Kukalafati kwao ni kwa kusafiria kuja kutazama. Pamba inasokotwa kwa kiganja, inatiwa mafuta, kisha inaingizwa kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Anayepiga kwa pupa huzisukuma mbao zikaachana na mataruma. Mzee hapigi kwa nguvu; husikiliza mlio ukibadilika, kisha husogea. Siku ya kuishusha boti, maji yaliingia kwenye ngama, kule chini kabisa ndani yake, kama ilivyotarajiwa, na pampu ilikesha ikifanya kazi. Mzee naye alikesha humo na kurunzi yake. Kesho yake mbao zilianza kuvimba, na keshokutwa pampu ikawa inawaka kwa nadra.

Injini wasiguse. Wanaye makanika mmoja, mtu mwema, aliyetaka kulinganisha shafti na injini boti ikiwa bado nchi kavu. Haifai. Chombo cha mbao hubadilika umbo kikielea, kwa hiyo unalinganisha majini baada ya mbao kutulia. Sisi tulifunga Perkins 4.236, mitungi minne, lita 3.86, kwa sababu injini ya ukoo huohuo imo ndani ya matrekta ya Massey Ferguson, na ringi, gasketi na nozeli unazipata duka la vipuri vya trekta. Vya baharini tu, kama kipozea maji na pampu ya maji ya chumvi, ndivyo utakavyoagiza mbali.

Malipo ni ya kutwa, jioni ya Ijumaa, na vifaa ni vyako. Risiti hawaandiki mpaka uwakumbushe. Ramadhani wanafanya kazi nusu siku, na Idi wengi wanapanda basi kwenda Lamu, wala usiwapigie simu. Kupandisha boti ya uzito kama wetu ni lazima bamvua, hivyo tazama mwezi kabla hujatafuta nafasi, na ukitaka kumaliza kabla ya kusi, iwe imekwisha kupanda Novemba. Bolti ziwe tayari mkononi mwako kabla ya siku hiyo.