Kitanda cha mtoto Dodoma: cha fundi au cha mtumba?

Kwa bei, mtumba mara nyingi hushinda, hasa ukinunua kwa familia inayohama. Ila kwa fundi unaweza kukubaliana ulipe kidogo kidogo, na fito ikivunjika unajua pa kumpata.

Uimara ndio unaonipa wasiwasi zaidi. Jua na upepo wa kiangazi chetu, Mei hadi Novemba, hukausha mbao zikapinda na viungo vikaachia. Paini mbichi haifai kabisa. Dai mbao zilizokauka. Cha mtumba kimeshakauka, lakini kaza skrubu zote, kitikise. Ukikuta ubavu unaoshushwa kwa kuteleza, kiache: Marekani ilipiga marufuku aina hiyo mwaka 2011 baada ya vifo vya watoto. Kwa vyote viwili, nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, na godoro lijae bila kuacha pengo pembeni. Fundi akisema "hiyo haina shida", mpe rula.

Matunzo hayatofautiani sana.

Mama mwenye miezi kadhaa mbele na kipato cha vibarua, fundi atamfaa. Aliyekaribia kujifungua atafute mtumba mzima, na kabla ya kulipa apime kama chandarua kinakifunika chote.