Sanamu ya mfumo wa upumuaji kwa maabara ya sekondari: inafaa, ila kiwambo hakisogei

Sanamu hii ya plastiki, ambayo shule yetu iliinunua kwa ajili ya somo la biolojia, inaonyesha njia ya hewa tangu puani hadi mapafuni, na ubora wake mkubwa umo katika sehemu zinazofunguka. Zoloto, yaani kisanduku cha sauti, hugawanyika katikati, kidakatonge kikaonekana juu yake, tayari kuifunika njia ya hewa mtu anapomeza, na nyuma ya koo la hewa mwanafunzi anaweza kupapasa kwa kidole mahali ambapo pingili za gegedu (tishu imara lakini laini kuliko mfupa) hukatika, kwa kuwa kila pingili ina umbo la herufi C na upande wake ulio wazi huelekea kwenye umio, yaani njia ya chakula. Picha ya kitabuni hulieleza jambo hilo kwa shida sana.

Pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili, kama inavyopaswa. Rangi zinatosha.

Udhaifu wake ni kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ambacho hapa ni kipande kigumu kilichogandishwa chini ya mapafu. Mwanafunzi asiyeona kiwambo kikishuka na kifua kikitanuka huendelea kuamini kwamba mapafu huvuta hewa yenyewe, ilhali hayana misuli ya kufanya kazi hiyo. Vifuko vya hewa, ambavyo kwa mtu mzima ni mamia ya mamilioni, vimeonyeshwa vichache tu, tena bila mishipa midogo ya damu inayovizunguka, ambamo oksijeni huingia na kabonidayoksaidi hutoka. Ninaipendekeza kwa kufundishia maumbile. Kwa utendaji, mwalimu aongeze kielelezo cha chupa na maputo, chenye mpira uliofungwa chini badala ya kiwambo.