Kabla hujanunua kicheza muziki cha mfukoni

Simu inacheza muziki, sikatai. Lakini kimbia nayo mfukoni ikugonge paja, bando likate katikati ya wimbo, kisha mjomba apige kuuliza kama mzigo umefika. Kidude kinachocheza nyimbo tu bado kina kazi yake.

Mimi huangalia mambo mawili kabla ya sauti: vitufe ninavyoweza kuvipapasa bila kutazama, na tundu la memori kadi. Sauti ya vingi inatosha. Kinachoiharibu, mara nyingi, ni hedifoni za bei ya kutupa.

Kwangu cha kwanza ni SanDisk Clip Sport. Unakibana kwenye kola na kukisahau. Kina kioo cha inchi 1.44, redio ya FM, na kampuni inasema chaji hufika saa 25. MP3 ya kbps 128 (kilobiti kwa sekunde) hula takriban MB 1 kwa dakika, hivyo GB 8 hubeba nyimbo kama 2,000 za dakika nne nne, na kadi ya hadi GB 32 unaiongeza mwenyewe. Hakina Bluetooth. Soma jina lote kwenye boksi, maana Clip Sport Go na Clip Sport Plus ni ndugu wasiofanana nacho: havina tundu la kadi, ingawa Plus ina Bluetooth. Shangazi yangu anasikilizia kwaya kwenye hiki hiki, na hajawahi kuniita nimsaidie.

Cha pili ni kaka yake mkubwa, Sansa Clip+ cha mwaka 2009, ukikipata mtumba. Kinakubali Rockbox, programu ya bure inayokipa uhai mpya. Betri tu ndiyo kamari.

Kama una FLAC, faili za muziki zisizopunguzwa ubora, ambapo wimbo mmoja unaweza kula MB 25 au 30, na pesa si tatizo, Sony NW-A306 ya 2023 inafaa: Android, Bluetooth, tundu la kadi na vitufe ubavuni. Kwa mazoezi ya asubuhi naona ni kuvaa suti kwenda shamba.

iPod shuffle? Apple iliacha kuiuza 2017. Ya mwisho ina GB 2, haina kioo wala tundu la kadi, na nyimbo unaziingiza kwa programu ya Apple kwenye kompyuta. Nzuri kwa kumbukumbu.

Mkiani kabisa ni vile visivyo na jina, vinavyoandikwa GB 128 kwa bei ya sahani mbili za pilau. Hapo ndipo nilipoliwa. Kadi niliyouziwa nacho ilionyesha ukubwa wote kwenye kompyuta, nikajaza, nikaona majina yote ya nyimbo; nyingi hazikufungua. Kadi feki hudanganya kuhusu ukubwa wake na kuharibu kinachozidi uwezo wake halisi.

Kwa hiyo usiipime kadi kwa nyimbo kumi. Ijaze hadi pomoni siku hiyo hiyo, uinakili tena kwenye kompyuta, kisha ucheze nyimbo za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zikikwama, irudishe kadi, ikiwa risiti bado iko mkononi na muuzaji anakukumbuka sura.