Uzoefu wangu: bethidei yangu ya 40, baa ya kokteli niipendayo na dumu la mbege la mama

Jamani acheni niliseme hili litoke, maana kila nikikumbuka kifua kinabana. Kuna baa moja ya kokteli hapa Moshi, jina silitaji, mimi ni mteja wao tangu wanafungua. Nimeshawapelekea wafanyakazi wenzangu, mashemeji, hata wageni wangu wakishuka mlimani na magoti yanauma nawapeleka pale wakanywe dawa, ile ya vodka, ndimu na asali kwenye kijiti. Kwa hiyo nilipokaribia kutimiza 40 sikuhangaika kutafuta ukumbi, nikasema nafanyia pale pale, watu 25, mavazi ni kijani na dhahabu, tunapendeza, tunapiga picha, basi.

Na kwa kupendeza tulipendeza, hilo siwezi kuwanyima. Mpambaji wangu aliweka majani ya mgomba ukutani, mishumaa, na kwenye kila meza chombo cha masale, yale majani yetu Wachagga ya kuombea msamaha, nilitaka pakae kisasa lakini mtu akiingia ajue yuko Uchaggani. Chakula nitapita tu, kilikuwa kizuri, nyama choma ilichelewa kidogo lakini nani Moshi hajawahi kusubiri nyama choma.

Sasa mama. Mama yangu ana miaka 71, anakaa Marangu, na kwa ajili ya siku hiyo alipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Anayejua mbege anajua siyo kazi ya siku moja, mama alianza karibu wiki nzima kabla, kachemsha ndizi mbivu, kaziacha zichachuke, kaotesha ulezi, kausaga, kapika uji wake, na msesewe kidogo, yale magome ya mti, kwa ajili ya ule uchungu, halafu akapanda Noah ya kushuka mjini amepakata dumu la lita 5 mapajani njia nzima. Siyo kwamba watu walewe, kokteli zilikuwepo za kutosha. Ni kwamba kwetu mtu akifika umri fulani mama anamwonjesha, anamwombea, ndiyo sherehe inakuwa sherehe. Na niliuliza mapema wasap! Nikaandika kabisa, mama atakuja na mbege kidogo ya baraka, kama kuna kokeji, ile ada ya kuingia na kinywaji cha nje, niambieni nilipe. Nikajibiwa "lete tu dada hakuna shida". Meseji bado ninayo.

Mama kafika mlangoni na kitenge chake cha kijani, kilemba cha dhahabu, katoka saluni, ananukia vizuri. Baunsa kampisha. Hajafika hata mezani, meneja huyu hapa. Kijana, sijui kama anafika miaka 30. Hakutoa shikamoo. Nasema tena, HAKUTOA SHIKAMOO. Kamwonyesha kidole dumu, kasema "hiyo pombe ya kienyeji itoeni, hapa siyo kilabuni, wateja wangu hawawezi kukaa na harufu hiyo." Kwa sauti, DJ alikuwa anabadilisha wimbo kwa hiyo kila mtu kasikia. Mama akabaki amesimama na dumu lake. Kanitazama mimi. Huo mtazamo ndiyo unaonikosesha usingizi mpaka leo, kama vile yeye ndiye kanikosea.

Nikamwonyesha meneja meseji, akasema aliyejibu simu siku hiyo siyo msemaji wa baa. Sasa kama siyo msemaji simu ya baa anashikaje? Advansi yangu kwenye lipa namba mliipokea vizuri tu, hapo msemaji alikuwepo? Na meza ya jirani siku hiyo hiyo walikuwa na chupa mbili za wiski wameingia nazo kutoka nje, wamelipia kokeji, hakuna aliyewaambia habari za harufu. Kwa hiyo shida haikuwa kinywaji cha nje, shida ni kinywaji cha mama yangu. Hapo hapo ukutani wameandika wanauza "ladha za Kilimanjaro".

Mwisho akasema dumu likae stoo mpaka tukiondoka. Mama akamwambia kwa upole, "mwanangu, kifuniko msikikaze, inapumua." Kila mtu aliyekulia mgombani anajua hilo, mbege haijaacha kuchachuka, ukiifungia inajaa hewa. Wakakikaza. Wakaliweka nyuma ya friji kwenye joto. Tulipokuja kulifungua lilikuwa limevimba kama mpira, likaruka, zaidi ya nusu ikaenda sakafuni na kwenye gauni la mdogo wangu. Wiki nzima ya kazi ya mama imedekiwa na mopa.

Hapo nilitaka kuita watu wote tuondoke, na ningeondoka, nilishaomba bili, nilishaamua siku hiyo ndiyo mwisho na nitawasema mji mzima. Sasa sikilizeni. Yule kaka wa kaunta, anayetengeneza kokteli, ambaye wala siyo Mchagga, ni mtu wa Singida, alitoka nyuma ya kaunta, akachomoa jani moja la isale kwenye chombo cha meza yetu, akaja mpaka kwa mama, akainama, "shikamoo mama", akampa lile jani kwa mikono miwili. Hakuongeza neno. Sijui nani kamfundisha. Ukiletewa isale kwetu huwezi kukataa kusamehe, na mama hakukataa, alilipokea, akamshika kichwani, akaanza kulia na mimi nikalia, mekapu yote kwishney.

Ile mbege iliyobaki kaka akaileta kwenye bilauri zake nzuri kabisa, zile za kushikwa shingoni. Mama akaonja kwanza kama inavyotakiwa, akanipa mimi, akasema maneno yake kwa Kichagga, ikazunguka kila mtu kidogo kidogo mpaka baunsa. Hiyo ndiyo bethidei yangu. Yale mengine yalikuwa mapambo.

Kwa hiyo mkiniuliza pale pakoje nashindwa kujibu. Nilianza kuandika nikiwa nimeshaamua nyota moja, na kwa meneja ni moja kwa sababu haiwezekani kutoa sifuri, mpaka leo hajampigia mama wala hajanipigia mimi, na pesa ya usafi wa gauni nimelipa mwenyewe. Lakini kokteli za yule kaka ni tano, na utu wake sina nyota zake. Mama anasema ameshasamehe baa nzima maana isale ilitoka ndani ya nyumba yao. Mimi nasema aliyekosea hakulishika lile jani, kwa hiyo mimi bado.

Sirudi pale. Ila mdogo wangu wa lile gauni naye anafanya ya kwake kabla mwaka haujaisha na anapataka pale pale, na jana nimempigia yule kaka kumuuliza zamu zake ni siku gani, na kama meneja huwa yupo.